Lebo za Blue Note na alama ya sikio
Katika kukusanya santuri za jazi za kampuni ya Blue Note nimezoea kusoma lebo, ile karatasi ya duara katikati ya santuri, kabla ya kuvutiwa na jalada. Lebo yenye anwani ya 767 Lexington Ave hutangulia ile ya 47 West 63rd, iliyoanza kutumika mwaka 1957, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikafuata yenye maneno New York USA tu. Hata hivyo, anwani pekee haitoshi, kwani kampuni ya Liberty ilipoinunua Blue Note katikati ya miaka hiyo, akiba ya lebo za zamani iliendelea kutumika; ndiyo maana huiinamisha santuri kwenye mwanga na kutafuta, katika ukingo mtupu ulioizunguka lebo, alama ndogo mithili ya sikio, ambayo ni ya kiwanda cha Plastylite kilichochapa santuri hizo kabla ya mauzo hayo. Hivi karibuni nilipata moja yenye West 63rd upande mmoja na New York USA upande wa pili. Muuzaji aliihesabu kuwa na kasoro (nami sikumbishia, kwa sababu za bei), lakini sikio lipo pande zote mbili.