Homa ikishuka ndipo ninapoanza kuhofia

Saa 12:30 asubuhi. Najipaka dawa ya mbu kabla ya kutoka. Wengi hudhani mbu ni wa usiku tu, lakini Aedes, anayeeneza homa ya dengi, mwenye mabaka meupe miguuni, huuma mchana, hasa asubuhi na jioni kabla ya giza.

Saa 1:30. Napokea zamu. Tuna wagonjwa 6 wa dengi, ile homa ya kidingapopo. Mwenzangu ananiambia, "Kitanda cha nne homa imeshuka usiku. Anataka ruhusa."

Saa 2. Naanzia kwake. Kijana, siku ya 5 ya ugonjwa, ameshavaa viatu.

"Sista, nimepona. Mwili umepoa."

Namshika mkono: baridi, jasho jembamba. Nambonyeza ukucha na kuachia. Wekundu unachelewa kurudi. Hapo moyo unanipiga. Kati ya siku ya 3 na ya 7, homa inaposhuka, mishipa midogo inaweza kuanza kuvujisha maji ya damu, na presha ikaporomoka mtu akiwa anajiona mzima.

"Tumbo je, mdogo wangu?"

"Linauma tangu alfajiri."

Namvua viatu kwa mikono yangu, namwita daktari. Dripu inaanza.

Saa 4. Majibu ya maabara: chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zimeshuka, damu imekuwa nzito. Tunampimia maji kwa uangalifu, maana yakizidi huishia mapafuni. Kila nikipita namtazama fizi na kupima mkojo wake.

Saa 6 mchana. Mama mmoja ana ibuprofen kwenye mkoba, anataka kumpa mwanawe. Naketi naye. Dawa ya kuua kirusi hiki hatuna. Homa tunaituliza kwa parasetamo. Ibuprofen na aspirini huzidisha hatari ya kuvuja damu. Ananikabidhi pakiti yote.

Saa 9. Nyuma ya wodi, kisahani chini ya chungu cha maua kimejaa viluwiluwi vya mbu. Tunamwaga, tunasugua kingo kwa brashi: mayai hugandia pale na hustahimili ukavu kwa miezi.

Saa 10. Mikono ya kijana imepata joto, presha imepanda. Anauliza kama ndiyo basi, hataugua tena. Namwambia ukweli: virusi vya dengi viko aina 4. Kwa hii aliyougua amepata kinga. Akipata nyingine, huenda ikamjia kali zaidi.

Ananyamaza kidogo, kisha anachukua simu. "Dogo, lile pipa la uani limefunikwa?"