Nyegere wa Etosha

Nilikwenda Namibia kutafuta faru, nikaporwa nyama na nyegere.

Barabara ya kutoka Windhoek siihadithii: lami iliyonyooka, vichaka na usingizi. Nilichangamkia kwenye geti la Hifadhi ya Etosha, karani alipoiona pasi ya Tanzania akanitoza kiingilio cha watu wa SADC. Nikajiona mjanja. Ujanja ukaishia mapokezi ya kambi, ambako usiku mmoja ulikula kodi yangu ya miezi miwili kule Mbagala. Na chumba chenyewe! Kiyoyozi kimekufa, friji ya vuguvugu. "Fundi anakuja," nikaambiwa. Maneno hayo nayajua tangu nyumbani.

Mchana tuliambaa na lile bonde la chumvi, jeupe hadi linaumiza macho, kilomita za mraba kama 4,800. Etosha nzima ni 22,270, inaipita Serengeti, ila jua likizama lazima uwe umerudi kambini. Tukakaa nje kukwepa joto, mimi na mwenzangu, nyama na soseji zikiwa kwenye boksi la barafu, chini.

Kambini kuna dimbwi la wanyama linalomulikwa taa usiku. Nikaenda kuchungulia. Faru weusi watatu! Ngorongoro niliwahi kumwona mmoja kwa darubini, mdogo kama kokoto. Hawa niliwasikia wakipumua. Nikakaa pale, sijui saa ngapi.

Kilichonirudisha ni ukelele wa mwenzangu. Nikamkuta kasimama juu ya meza. Chini yake kimnyama kifupi, mgongo mweupe, tumbo jeusi, kimeshafungua boksi. Nikapiga makofi. Nikarusha kandambili. Akainusa, akarudi kwenye soseji zake bila haraka yoyote, kama mwenye nyumba.

Mimi ni mtoto wa Sikonge, wa warina asali. Nyegere nilimjua kwa uharibifu wake tu: mzinga chini, masega yametapakaa, babu akimtukana kwa Kinyamwezi. Miaka yote ile sikuwahi kumwona. Kumbe alikuwa ananisubiri huku, nimlipie na chumba.

Asubuhi nikampigia baba mdogo. Faru hakuwauliza kabisa.

"Hiyo nyama mliitundika?"

"Hapana, baba. Ilikuwa chini."

Akacheka mpaka salio langu likakata.