Honi ya Mackinnon Road

Basi lilinishusha kwetu Mackinnon Road, kwenye barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, saa saba mchana, jua limekaa utosini, na wa kwanza kunilaki alikuwa mbuzi. Miaka kumi na tisa nikiwa Manchester nilijiapiza kwamba nikirudi nitashuka kwa treni, pale pale stesheni. Nimechelewa. Treni ya abiria ya reli ya zamani ilikoma 2017 SGR ilipoanza, na hiyo mpya husimama Mariakani na Miasenyi. Sisi hutupita tu.

Hata hivyo nilianzia stesheni, sanduku mkononi. Nyasi zimepanda kati ya reli, lakini mataruma yanayozishikilia yapo, ya chuma. Babu, aliyekuwa wa gengi ya reli, ndiye aliyenieleza sababu: ya mbao yangeliwa na mchwa. Niligusa moja nikaondoa mkono haraka, linachoma kama kikaango.

Jina la kwetu ni la William Mackinnon, Mskoti wa IBEA, kampuni ya Waingereza ya Afrika Mashariki, iliyokata barabara ya kwenda bara kabla ya reli. Ujenzi wa reli ulipoanza Mombasa mwaka 1896, nyika hii ya Taru iliwatoa jasho: hapakuwa na maji, ikabidi yaletwe kwa treni kutoka nyuma.

Babu akishaanza habari za Garratt, injini za mvuke za daraja la 59, chai ilipoa. Zilikuwa 34, kila moja ina jina la mlima, uzito wake tani 250 na ushei. Boila katikati, injini moja mbele na nyingine nyuma, ndiyo maana dude kubwa vile liliweza kukata kona kwenye reli ya upana wa mita moja. Zilitengenezwa Gorton, Manchester, 1955 na 1956. Kiwanda kilifungwa 1966. Yaani nimekwenda kutafuta riziki kule kule zilikotoka injini za babu, na sikukutana na mtu anayejua Mackinnon Road iko upande gani wa dunia.

Kuna treni ambazo babu hakupenda kuzisimulia. Baada ya Vita vya Pili Waingereza walianza bohari kubwa ya jeshi hapa, wakaiacha. Ilipotangazwa Hali ya Hatari 1952, pakawa kambi ya kuwafungia maelfu ya watuhumiwa wa Mau Mau. Waliletwa kwa reli hii hii. Tukimuuliza, alikuwa akisema "walishuka wengi," kisha anaomba maji ya kunywa.

Alichopenda ni habari za Sayyid Baghali, aliyezikwa kando ya njia, msikitini. Wazee husema alipokuwa akijenga reli, karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Madereva wa treni walipiga honi wakipita kaburi lake, na sisi watoto tulijua saa kwa honi hizo. Leo wanaosimama ni wa mabasi na malori: wanatoa sadaka, wanaomba dua, wanaendelea na safari.

Nilifika nyumbani na vumbi hadi kwenye nyusi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu." Akanishika mashavu, akanitazama vizuri. "Umepitia kwa Sayyid?"

"Nilianzia stesheni, mama."

"Stesheni kuna nani?"

Akachukua sanduku, akaliingiza ndani, akafunika chai kwa sahani. Nikageuka kurudi barabarani.