Kisanduku cha Kupandia

Jumamosi iliyopita mimi na mume wangu tulikuwa tunaifungua karavani, nyumba yetu ndogo ya kuvutwa na gari, baada ya miezi ya barafu. Hapa Minnesota, Marekani, kazi hiyo hufanyika Aprili, theluji ikishayeyuka: unayasuuza mabomba kwa maji mengi mpaka ile dawa ya rangi ya waridi, tunayoitia kila Oktoba ili mabomba yasipasuke kwa kuganda, iishe kabisa na maji yatoke meupe. Nilikuwa nimeinama kwenye sinki ninayatazama maji yakibadilika rangi pale binti yetu, anayetimiza miaka sita mwaka huu, alipopanda, akasimama katikati ya sakafu, akanusa, kisha akauliza: "Mama, mbona humu kunanuka mbwa na sisi hatuna mbwa?"

Niliufunga mfereji. Mume wangu, aliyekuwa nje anajaza upepo kwenye tairi, naye alinyamaza.

Kahawa, mbwa wetu, alifariki Novemba 2019, miezi michache kabla mtoto huyu hajazaliwa. Nilimweleza binti yangu kwamba ile ni harufu ya Kahawa, na kwamba karavani hii tuliinunua kwa ajili yake. Akauliza mbwa anawezaje kununuliwa nyumba, na hapo nilimkumbuka mama yangu, ambaye mwaka 2016 nilipompigia simu Moshi kumpa habari hiyo alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, "Mwanangu, mbwa wetu analinda migomba na analala nje. Huyo wako ana nini?" Nilimjibu kwamba ana nyonga mbovu na anaogopa kuachwa, na baada ya hapo mama hakuuliza tena jambo hilo, ila kila nilipopiga simu alimaliza kwa kusema, "Na huyo mgonjwa wako msalimie."

Kuachwa ndiko kulikotufikisha kwenye karavani. Tulikuwa tumewahi kumwacha siku nne katika nyumba inayotunza mbwa kwa malipo, tukamkuta amekonda na sauti imemkauka kwa kubweka, na nyumbani hakugusa chakula kwa siku mbili. Mbwa wa kilo 34 kwa kawaida haruhusiwi kukaa na abiria kwenye ndege, na sikuwa tayari kumweka chini pamoja na mizigo akiwa na umri wa miaka tisa. Hoteli nyingi zilizokubali mnyama zilikubali mmoja, nasi tulikuwa na wawili, kwa maana Pili, paka wetu, alikuwa hali bila Kahawa kuwapo chumbani. Kwa hiyo tulianza kutafuta nyumba ndogo ya magurudumu ambayo gari letu lingeweza kuivuta.

Gari letu liliruhusiwa kuvuta kilo 1,588, na hiyo ndiyo namba niliyotembea nayo mfukoni majira yale yote ya kuchipua. Karavani ya kwanza iliyotuvutia ilikuwa katika yadi ya muuzaji mmoja pembezoni mwa Minneapolis, ndefu kama mita sita, yenye kitanda kikubwa, bafu, na zulia jipya. Kwenye kibandiko chake ilionyesha kilo 1,406, na muuzaji alitupongeza kwa kuwa tumebakiwa na nafasi. Lakini uzito ule ulikuwa wa karavani tupu. Tangi lake la maji safi lilichukua lita 151, na lita moja ya maji ni kilo moja. Hapo zimebaki kilo 31. Mitungi miwili ya gesi iliyojaa inakaribia kilo 34. Bado hujaweka betri, godoro, sufuria, mfuko wa chakula cha mbwa, wala mchanga wa paka, ambao ni mzito kuliko watu wanavyodhani. Kuna na hesabu ya pili ambayo wengi huisahau: katika karavani za namna hii, asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote hupaswa kukandamiza pale inapoungana na gari, na uzito huo unahesabiwa pamoja na watu na wanyama waliomo garini. Wanyama husafiri garini, wakiwa wamefungwa mikanda yao au wakiwa katika kizimba. Kumwacha mbwa ndani ya karavani inayokokotwa ni kumtupia kila kabati litakalofunguka njiani.

Hesabu hizo nilizifanya baadaye, usiku, mezani. Pale yadini aliyetukatalia karavani ile alikuwa Kahawa. Mlango wake ulikuwa juu, na ngazi yake ilikuwa ya chuma chenye matundu, ile inayokunjuka kutoka chini ya mlango. Aliikaribia akiwa na furaha, akainua mguu wa mbele, akaona ardhi kupitia yale matundu, akaushusha. Muuzaji alimwonyesha biskuti. Kahawa aliitazama biskuti, akaitazama ngazi, akaanza kutetemeka miguu ya nyuma kama alivyofanya akikanyaga sakafu yenye barafu. Mume wangu alitaka kumbeba, nami nikamwuliza kama ataweza kumbeba mara nane kwa siku, usiku na mvua ikinyesha, kwa muda wote uliobaki wa maisha ya mbwa huyu. Tuliondoka.

Ya pili, ya mtu binafsi, ilikuwa na bei ndogo na sakafu iliyooza chini ya zulia. Niligundua kwa kukanyaga kwa kisigino pembeni mwa mlango, mahali pakabonyea kama maandazi. Sitasema zaidi juu ya hiyo.

Mwezi Juni tulipata habari za wazee wawili wanaoishi karibu na Brainerd, kaskazini, waliokuwa wanauza karavani ya fibaglasi aina ya Scamp. Hizo hutengenezwa Backus, mji mdogo uliopo mbele kidogo ya Brainerd kwenye barabara hiyo hiyo ya 371, na umbo lake la yai linatokana na karavani za Boler zilizoanza kutengenezwa Winnipeg, Kanada, mwaka 1968: gamba la juu na gamba la chini huunganishwa kiunoni, hivyo paa halina maungio mengi ya kupitisha maji. Ile ya wazee ilikuwa na urefu wa futi 13 ukijumlisha mkono wa kuvutia, yaani chini kidogo ya mita nne. Kwa mbali, chini ya misonobari, ilionekana ndogo kiasi kwamba mume wangu alipunguza mwendo akauliza kama tumekosea nyumba.

Tulisalimiana. Mzee alitufungulia mlango akasogea pembeni. Niliingia kwanza mimi peke yangu, nikaanza kazi niliyokuwa nimejifundisha: nikakanyaga kwa kisigino kila pembe ya sakafu, nikainua mito na kunusa chini yake, nikapitisha kidole kwenye pembe za madirisha kutafuta unyevu. Sakafu ilikuwa ngumu. Tairi, ambazo zilionekana nzuri kabisa, zilikuwa na namba 2209 ubavuni, maana yake zimetengenezwa wiki ya 22 ya mwaka 2009, na nilimwambia mzee kwamba tutazibadilisha kabla ya safari yoyote. Akaitikia kwa kichwa, akapunguza bei bila kuombwa.

Kahawa alikuwa nje na mume wangu. Sakafu ya karavani ile ilikuwa karibu na ardhi, lakini kwa mbwa mwenye nyonga mbovu bado palikuwa na kimo. Alisimama mbele ya mlango, akanyoosha shingo, pua ndani, mwili nje. Mume wangu alilegeza kamba. Hakuna aliyesema neno. Kahawa alinusa kizingiti kutoka kushoto hadi kulia, taratibu, kama mtu anayesoma, kisha akarudi nyuma hatua moja, akakaa chini, akanitazama.

Hapo bibi alisema, "Subirini," akaenda banda la magari. Alirudi amebeba kisanduku cha mbao kwa mikono miwili, cha kimo cha kiganja na nusu hivi, kilichopigiliwa juu kipande cha zulia la kijani. Zulia lilikuwa limechakaa katikati, na pembeni mwa misumari palikuwa na nywele nyeupe zilizonasa, fupi na ngumu. Aliinama kwa shida, akakiweka mbele ya mlango, akakisogeza kidogo kushoto, akakisogeza tena, mpaka miguu yake minne ikaingia kwenye alama nne zilizokuwapo tayari kwenye udongo. Nilizitazama zile alama. Kumbe pale pana kitu kilichosimama miaka na miaka.

Kahawa aliinuka. Alinusa zulia lile muda mrefu zaidi ya alivyonusa kitu chochote siku ile. Alizinusa zile nywele nyeupe moja baada ya nyingine, masikio yamelala, mkia umetulia. Kisha akaweka mguu wa mbele wa kulia juu ya kisanduku, akaweka wa kushoto, akasubiri. Nilisikia kucha zake zikishika zulia. Akaivuta miguu ya nyuma, ule mbovu ukija wa mwisho, na akawa juu. Hatua moja zaidi, akawa ndani. Alinipita bila kunitazama, akaenda moja kwa moja chini ya meza, akajizungusha mara tatu katika nafasi ambayo ningeapa haimtoshi, akajilaza huku mgongo wake umeegemea ukuta, akashusha pumzi ndefu.

Bibi alikuwa amesimama nje ameushika mlango. Alisema, "Na yule wetu alilala hapo hapo." Mzee aligeuka akatembea kuelekea kwenye miti, na kwa muda hakurudi.

Ununuzi wenyewe ulichukua nusu saa. Nilikuwa na orodha ya mambo ishirini na tatu ya kukagua, na sikufika hata katikati.

Kisanduku hakikuwa sehemu ya mauzo. Bibi alikipakia garini mwenyewe. Nyumbani mume wangu alitoboa tundu la mviringo ubavuni mwa kiti cha meza ili beseni la mchanga la Pili likae ndani, na Pili alikubali tundu lile siku ya kwanza, ingawa mwendo wa gari hakuukubali mpaka mwisho na alilia kila safari kutoka nyumbani hadi tulipoingia barabara kuu.

Safari ya kwanza ilikuwa Badlands, Dakota Kusini, Agosti hiyo hiyo. Mbwa hawaruhusiwi kwenye njia za miguu za hifadhi ile. Wanaruhusiwa barabarani, kwenye maegesho, na kwenye kambi. Jambo hilo nilikuwa nimelisoma, na nilikuwa nimeona kwamba kiyoyozi kingetatua. Siku ya pili tuliwaacha wanyama ndani, baridi safi, tukaenda kutembea saa moja. Waya wa kurefushia umeme niliouchagua mwenyewe ulikuwa mwembamba mno kwa kiyoyozi, na sijui kilizimika dakika ya ngapi. Tuliporudi joto la nje lilikuwa limepita nyuzi 36, na gamba lile la fibaglasi lilikuwa limegeuka chungu. Kahawa alikuwa chini ya meza, ulimi nje, ufizi mwekundu sana. Pili alikuwa amejibana ndani ya beseni lake. Tuliwatoa nje, tukawaweka kivulini, tukamlowesha Kahawa tumbo na miguu kwa maji ya kawaida, tukampepea kwa ramani, na baada ya muda ambao sitaki kuukumbuka akainuka akanywa. Daktari wa wanyama tuliyemfikia jioni alisema tulibahatika.

Tangu siku hiyo hatukuwaacha tena. Mmoja akienda kutazama, mwingine alibaki, kisha tukabadilishana, kwa hiyo mimi na mume wangu tumeziona sehemu nyingi za nchi hii kila mmoja peke yake, na jioni tulisimuliana. Miaka mitatu tulisafiri hivyo.

Marafiki huniuliza mara kwa mara ni karavani gani nzuri kwa mwenye wanyama, na mimi huwaambia habari ya uzito, ngazi, sakafu, tairi, na unene wa waya. Hayo nina uhakika nayo. Nisilokuwa na uhakika nalo ni kama Kahawa alipenda kusafiri, au alipenda tu kutoachwa, na kama ni hilo la pili, basi pengine tungekaa nyumbani na angeridhika vile vile. Nilimwona akinusa upepo wa Ziwa Superior macho yakiwa yamefumba. Nilimwona pia chini ya meza ile, siku ile ya Agosti. Mume wangu huniambia nisiyaweke hayo mawili katika mizani moja, na mimi bado huyaweka.

Haya yote sikumwambia binti yangu Jumamosi. Nilimwambia tu kwamba mbwa aliyekuwa hapa alikuwa mkubwa, wa rangi ya kahawa iliyokaangwa, na alilala chini ya meza. Aliingia chini ya meza. Aliniuliza kutoka huko kisanduku cha kijani kilichopo kabatini ni cha nini, nikamtolea. Akakikagua, akachomoa pembeni mwa msumari unywele mmoja mrefu wa rangi ya kahawa na mwingine mfupi mweupe, akaviweka kwenye kiganja chake na kunionyesha.

"Huu ni wake," nikasema.

"Na huu?"

Nilimwambia akae karibu nami. Mume wangu aliuzima mtambo wa kujazia tairi upepo, akaja akakaa juu ya kisanduku, mlangoni, nami nikaanza na barabara ya kwenda Brainerd.