Wa kanisani kulia, waliobaki jembe

Mpwa wangu wa Mbagala kamaliza kidato cha sita, jina lake limetoka JKT, Jeshi la Kujenga Taifa. Juzi kanipigia: "Shikamoo anko. Hivi kule tutaruhusiwa kuswali?"

Ataswali. Kambini kwetu Ijumaa mchana Waislamu walipanga foleni, wakahesabiwa, wakaenda. Ramadhani daku ilipikwa. Hapo sina la kulalamika.

Ila hakuna anayeuliza habari za yule asiyetaka kwenda popote. Jumapili asubuhi afande anasimama mbele ya kombania: "Wa kanisani kulia! Waislamu mliswali juzi, Wasabato mlisali jana. Waliobaki wote, fatiki!" Na fatiki ni jembe, fyekeo, au kuchota maji ya jikoni mpaka mabega yawake moto. Kuruta mmoja alijaribu kujitetea: "Afande, mimi sina dini." Akajibiwa, "Kumbe una nguvu! Chukua jembe."

Basi kanisa likafurika. Jamaa mmoja wa Tandika, jina la Kiislamu mwanzo mpaka mwisho, alipiga mapambio kuwashinda wanakwaya. Mchungaji naye akadhani ni uamsho.

Tulicheka sana, lakini Katiba haikuandikwa kwa utani. Ibara ya 3 inasema hii ni nchi isiyokuwa na dini. Ibara ya 19 inasema kufanya ibada ni hiari ya mtu binafsi. Hiari gani hiyo, ukiikataa unakabidhiwa jembe?

Marekani jambo hili lilifika mahakamani. Vyuo vyao vya kijeshi, West Point na Annapolis vikiwemo, vilikuwa vinawalazimisha wanafunzi kuhudhuria ibada kila Jumapili. Wakubwa walijitetea kwamba hayo ni mafunzo tu: ofisa ajue imani za askari atakaowaongoza. Wanafunzi wakashitaki, na mwaka 1972 mahakama ya rufaa ya Washington ikaipiga chini amri hiyo. Kwetu hakuna amri ya namna hiyo, kuna fatiki tu, na ndiyo maana hata pa kushitaki hupaoni.

Sina ugomvi na padri wala shehe kuingia kambini. Mtu katoka lindo alfajiri, kwao mbali, acha asali. Kazi ya jikoni nayo lazima ifanyike, sawa, ipangwe kwa zamu, na mwenye rozari aingie zamuni kama wengine. Saa zile za ibada, asiyesali aachwe afue kombati zake. Au alale. Kuruta hajawahi kushiba usingizi.