Siku moja maishani mwangu: farasi tisa na tope la Chepstow

Saa kumi na moja alfajiri

Kabla sijafungua macho nasikiliza paa. Mvua imenyesha usiku kucha. Jana jioni uwanja wa mbio za farasi wa Chepstow ulitangazwa kuwa laini, na kwa mvua hii utakuwa mzito. Nusu ya hesabu nilizofanya jana zimekwenda na maji.

Kazi yangu ni kupima nafasi ya kila farasi katika mbio za kuruka viunzi hapa Uingereza, kisha kuwaandikia wasomaji mistari miwili mitatu juu ya kila mmoja, pamoja na asilimia. Naishi kusini mwa Wales, lakini nimezaliwa Nairobi, jirani na uwanja wa Ngong, ambako baba yangu, mtu wa Kilifi, alikuwa saisi, mtunza farasi, kwa miaka mingi. Mbio za Ngong nilizokulia nazo ni za kukimbia tu, bila kuruka. Hizi za kuruka nimezikuta huku. Na hata hivyo sikuziona ngeni, maana kila Mkenya anamjua ndugu yake: mbio za mita 3,000 kuruka viunzi na maji, ambazo wanaume wetu hawakuachia dhahabu ya Olimpiki kuanzia Los Angeles 1984 hadi Rio 2016. Mbio zile za miguu zimeiga hizi za farasi. Na hizi za farasi husimuliwa kwamba zilianza mwaka 1752, pale katika jimbo la Cork huko Ireland mabwana wawili walishindana kwa farasi kutoka kanisa la Buttevant hadi kanisa la Doneraile, wakiufuata mnara ulioonekana kwa mbali na kuruka kila ua na mtaro uliowakuta njiani.

Saa kumi na mbili

Chai ya maziwa, na ratiba ya leo mezani. Wakufunzi walithibitisha farasi wao jana kabla ya saa nne asubuhi, kwa hiyo majina nimelala nayo. Kuna mbio saba. Zilizoninyima usingizi ni za nne: karibu maili tatu, viunzi vikubwa, farasi tisa, na ni za handikapu, yaani farasi aliyepimwa kuwa bora hubebeshwa uzito zaidi ili wote wakutane sawa. Namba 1 atabeba stoni 12, ambazo ni ratili 168 au kilo 76. Namba 7, farasi wa kijivu, ana stoni 10 na ratili 9, na joki wake, yaani mpandaji, bado mwanagenzi, kwa hiyo anapunguziwa ratili 5 nyingine. Tofauti kati yao inafika ratili 24, karibu kilo 11. Kwa umbali huu, sisi huhesabu kwamba ratili moja ni sawa na urefu wa farasi mmoja pale mwisho.

Kando ya kila jina kuna mlolongo wa tarakimu na herufi. Namba 4 ana P-21F3. Ya mwisho kulia ndiyo mbio za karibuni, na kistari hutenganisha msimu na msimu. Tarakimu ni nafasi aliyomaliza. F alianguka, P joki alimsimamisha kabla ya mwisho. Mgeni akiona P hudhani farasi amekata tamaa. Mara nyingi ni joki mwenye utu, aliyehisi farasi ameishiwa pumzi akaona heri arudi naye mzima.

Herufi zinanieleza lililotokea, sababu naitafuta kwenye video. Ile F ya Namba 4 nimeirudia mara sita. Kiunzi baada ya kiunzi, akinyanyuka tu kichwa kinakwenda kulia na mwili unafuata. Akitua amesogea hatua mbili nje ya mstari. Kwenye kiunzi cha mwisho alipinda hivyo hivyo, akawahi kuruka, kwato za mbele zikakwama kwenye fito. Sasa, Chepstow huzungukwa kwa mkono wa kushoto. Farasi anayepinda kulia hapa anaongeza njia kila anaporuka, na kwenye mnyoosho wa mwisho kuna viunzi vitano mfululizo. Kwa ubora peke yake ningempa asilimia 25. Namshusha hadi 17, na sioni raha, maana nampenda farasi huyu.

Saa mbili asubuhi

Msimamizi wa uwanja amekagua: hakuna maji yaliyotuama, mbio zipo, ila hali imebadilishwa kutoka laini kuwa nzito. Dakika kumi baadaye Namba 3 ameondolewa. Ni farasi wa ardhi kavu, na mkufunzi wake amefanya jambo jema. Wamebaki wanane.

Narudia hesabu yote. Akitoka mmoja, asilimia zake hazigawanywi tu kama maandazi. Namba 3 hupenda kukimbilia mbele tangu mwanzo. Bila yeye mwendo utapungua, na mwendo ukipungua kwenye tope, mzigo mkubwa unavumilika kidogo. Namba 1 nampandisha hadi 26. Namba 7 anakuwa 12. Najumlisha wote wanane mpaka ifike 100 kamili, isizidi wala isipungue.

Nina sharti moja ambalo silivunji: sitazami odi, yaani bei ambazo kampuni za kubeti huweka kwa kila farasi, kabla sijamaliza asilimia zangu. Miaka miwili iliyopita niliwahi kuzitazama kwanza, na siku ile nzima nilikuwa nikitafuta sababu za kukubaliana nazo bila kujijua. Farasi mwenye odi ndogo nilimwona mzuri hata alipokuwa anachechemea. Wasomaji waliniamini, wakapoteza fedha kwa maoni ambayo hayakuwa yangu. Tangu hapo odi hufunguliwa mwisho. Na mbio ninazoziandikia siweki dau.

Leo nazifungua saa tatu kasoro. Namba 1 yuko 2.75, yaani akishinda, dau la pauni moja hurudi pauni 2.75; gawanya 100 kwa 2.75 upate 36. Soko linampa 36, mimi 26. Namba 7 yuko 11.00, yaani 9, nami nimempa 12. Ukijumlisha soko lote unavuka 115, na hiyo ziada juu ya 100 ndiyo riziki ya kampuni za kubeti. Naandika wazi: Namba 1 ana nafasi kubwa kuliko wote, lakini bei yake haimlipi msomaji, Namba 7 bei yake ni kubwa kuliko udhaifu wake. Hata aliye na asilimia 4 namwandikia mistari yake kwa uangalifu ule ule. Kuna mtu ameamka alfajiri kumlisha na kumsugua, na atasoma.

Saa tano na nusu

Nimefika uwanjani. Mvua imekatika, upepo unatoka upande wa mto Severn. Natembea mnyoosho wote kwa miguu, kama nifanyavyo kila nikiruhusiwa. Nakanyaga kisigino, nakivuta; shimo linajaa maji huku nikitazama. Upande wa ndani, walipopita farasi wa siku ya mbio iliyopita, nyasi zimebanduka na kubaki matope matupu. Upande wa nje bado kuna kijani. Naandika kwenye daftari: joki mwerevu atatoka nje.

Viunzi vikubwa vina futi nne na nusu, fito zilizofungwa kwa kubanwa, vikiinamia kidogo upande wa kutua. Ukisimama kando ya kimoja ndipo unapoelewa mnyama wa kilo mia tano anaombwa nini.

Saa nane mchana

Wanazungushwa kabla ya kutandikwa. Saa hii nasimama na macho ya baba. Alinifundisha nianze chini nipande juu: kwato, magoti, kifua, kisha masikio. Masikio yanayokwenda mbele na nyuma taratibu ni ya farasi anayesikiliza. Jasho jeupe katikati ya mapaja kabla ya kazi ni nguvu inayomwagika bure.

Namba 7 anatembea kichwa chini, ameulegeza mwili, hatua ya nyuma inapita alama ya ile ya mbele. Namba 1 anang'aa, ila mbavu hazijaonekana; ana nyama ya ziada. Hizi ni mbio zake za kwanza tangu alipofanyiwa upasuaji wa njia ya hewa, jambo ambalo tangu 2018 ni lazima litajwe kwenye ratiba. Nimeiamini tiba hiyo kupita kiasi. Ningekuwa na nafasi ya kubadilisha ningemshusha hadi 20, lakini maandishi yameshatoka.

Saa nane na robo

Mzunguko wa kwanza wanakwenda pamoja, rangi za majoki zimeshaliwa na tope. Mzunguko wa pili Namba 4 anaongoza, na anaruka vizuri kweli. Wanaingia mnyoosho wa mwisho. Kiunzi cha kwanza kati ya vitano, anapinda kulia. Cha pili, anapinda tena, na pale pale joki wa Namba 1 anakaza hatamu na kumsimamisha farasi wake. Moyo unanipasuka. Namfuata yeye kwa darubini, mbio nimeziacha. Joki ameshuka, ameshika lijamu, wanatembea.

Kelele ndiyo inayonirudisha. Yule wa kijivu ametoka nje kabisa, kwenye kijani. Kila Namba 4 anapopoteza hatua mbili, yeye anaokota mbili. Baada ya kiunzi cha mwisho wako sawa, na kilo chache alizopungukiwa kwenye mzigo zinaamua. Namba 7 anashinda kwa urefu wa farasi watatu.

Jirani yangu ananipongeza. Namshukuru, lakini asilimia 12 maana yake siku 88 katika 100 angeshindwa, na leo haiwezi kuniambia kama 12 ilikuwa sahihi. Hilo litajulikana baada ya mamia ya farasi niliowapa 12.

Saa kumi na moja jioni

Giza limeingia kitambo. Nampigia baba, Kilifi ni saa mbili usiku.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mwanangu. Wamerudi wote?"

Huanza na swali hilo kila siku, hajawahi kuanza na mshindi.

"Wote. Mmoja alisimamishwa. Daktari amemwangalia, ni pumzi tu."

"Ametembea mwenyewe mpaka bandani?"

"Mwenyewe, kwa miguu yote minne."

"Haya. Sasa niambie nani kashinda."

Namsimulia mpaka mwisho, kisha nafungua daftari la kumbukumbu. Namba 1: bado mzito, pumzi haijathibitika, asipewe zaidi ya haki yake mpaka nimwone tena. Namba 4: kupinda kulia si bahati mbaya, ni tabia. Atazamwe akipelekwa Ludlow au Exeter, viwanja vya mkono wa kulia.