Hewa Iliyochoka

Wiki iliyopita, tulipokuwa tukisubiri tairi lizibwe pancha karibu na stendi, mwanangu aliweka kiganja mbele ya bunduki ya hewa ya kufungulia nati, kisha akaniuliza kwa nini upepo unaotoka pale ni wa baridi ilhali kompresa yenyewe haigusiki kwa joto. Nilimpa jibu fupi la mzazi mwenye haraka. Usiku nilichelewa kulala, kwa sababu swali hilo nililiuliza mimi kule Ng'ambo, Tabora, siku ambayo bunduki ya Fundi ilikataa kuzunguka.

Ilikuwa Januari, mvua zimekolea, na lori la mbolea lililokuwa likielekea Urambo lilikuwa juu ya jeki. Nati mbili zilikwisha kufunguka. Ya tatu ilipofikiwa, bunduki ilikohoa, ikatema maji yenye rangi ya chai, ikanyamaza. Dereva alilalamika. Fundi alitandika gunia, akaketi juu ya rimu, akaanza kuifungua.

Ndani mlikuwa na silinda ndogo ya chuma, na ndani ya silinda rota, yaani kipande kinachozunguka, yenye mifereji sita, kila mfereji umechomekwa kibao chembamba. Kilichonishtua ni kwamba rota ile haikukaa katikati. Iliegemea upande mmoja hadi karibu kuugusa ukuta, na upande wa pili ikaacha uwazi wenye umbo la mwezi mchanga. Nikiwa na miaka 17 na uzoefu wa wiki sita, nilitamka kwa kujiamini kwamba ugonjwa nimeuona: rota imehama mahali pake.

Fundi alicheka hadi akaweka bisibisi chini. "Ingekaa katikati, kijana, isingezunguka hata ungeipulizia kimbunga."

Akaizungusha polepole kwa kidole. Hewa yenye shinikizo la pauni 90 kwa inchi ya mraba, alisema, inaingia palipo pembamba na kukisukuma kibao. Kadiri rota inavyogeuka, kibao kinachomoza zaidi na chumba kinapanuka, na kwa kuwa kibao kilichotangulia kimechomoza kuliko kinachokifuata, msukumo wa mbele unaushinda wa nyuma. Hewa inatanuka humo huku ikifanya kazi, na kazi hiyo inalipwa kwa joto lake yenyewe. "Ndiyo maana inatoka baridi. Imechoka." Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba Agostino Ramelli, mhandisi wa Kiitaliano, alichora pampu ya vibao vya namna hiyo mwaka 1588, nami nilikuwa tayari kuusahihisha uvumbuzi huo kwa nyundo.

Ugonjwa halisi ulikuwa vibao viwili vilivyonata kwenye mifereji yao kwa kutu na mafuta yaliyoganda. Fundi aliviosha kwa mafuta ya taa, akatia matone machache ya mafuta mepesi, kisha akauliza, bila kuinua macho, maji yametoka wapi.

Kazi yangu ya kila asubuhi ilikuwa kufungua koki iliyo chini ya tangi la kompresa, kwa sababu hewa iliyoshindiliwa ikipoa humo, mvuke wake hugeuka maji. Tangi lilikuwa uani, kwenye tope, na kwa siku tatu sikuwa nimelikaribia.

"Ni mvua hizi, Fundi," nilisema.

"Mvua hizi," alirudia, akaunganisha paipu, na bunduki ikalia kama zamani. Lori liliondoka kabla ya adhuhuri.

Kesho yake nilipofika gereji, koki ilikuwa imekwisha kufunguliwa na ardhi chini ya tangi imelowa. Wiki ile nzima Fundi alinitangulia kuifungua, wala hakulitaja jambo hilo, na mpaka leo sijui kama alikuwa akiniadhibu au akinistahi. Mwanangu nimekwisha kumweleza vizuri habari ya hewa kuchoka. Habari ya koki bado sijamwambia.